Mazishi Niliyomnyima Mzee Ndesario

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya sufu. Nacheka hata sasa nikikumbuka. Nilitoka kwetu juu mlimani, ambako asubuhi mtu hutoka nje amejikunyata, nikapangiwa kuwa mwinjilisti wa mtaa mmoja kule Mabogini, chini kwenye majaruba ya mpunga, ambako saa nne tu jua limekwisha kukuchapa. Mwinjilisti, kwa wasiojua, ni mtumishi ambaye hajabarikiwa kuwa mchungaji. Anahubiri, anafundisha kipaimara, anazika pale mchungaji asipofika, lakini Meza ya Bwana haigawi yeye. Na mtaa ni tawi la usharika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona askofu mtarajiwa.

Nilimkuta Mchungaji Kiongozi, bosi wangu wa kwanza, yuko katikati ya jaruba, suruali ameikunja hadi magotini, anapandikiza mpunga pamoja na washarika wake. Nikasimama kwenye tuta na suti yangu.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba. Wewe ndiye mwinjilisti mpya?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Umekuja kufungishwa ndoa?"

Akina mama wakaangua kicheko, mmoja akakaa kabisa kwenye matope. "Vua viatu uingie," akasema. Nikavua, nikaingia, na suti ile haikurudi tena kuwa suti.

Baadaye alinipa daftari kubwa la jalada jeusi, kitabu cha washarika, lenye majina ya waliobatizwa, waliopata kipaimara na wanaoshiriki Meza. Akaniambia mwezi mzima sitahubiri. Nitatembea na kitabu kile nyumba kwa nyumba. Nikanuna, maana nilikuwa nimekwisha kuandika mahubiri saba. Akaniona nilivyonuna, akasema, "Kitabu kitakuambia nani kabatizwa. Hakitakuambia nani hasemi na nani. Hilo utaliuliza kwa mdomo, ukiwa umekaa kwenye kigoda chao." Nikaitikia ndiyo, Mchungaji, na kama vijana wengi nikaweka neno lile mahali ambapo sikulitafuta tena kwa miaka mingi.

Ninyi wachungaji vijana mliotumwa kwangu na mkuu wenu mkaniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa, msidhani naanza kwa kujisifia. Nimewaandikia haya kwa sababu ya kosa moja. Mengine yote, harambee za mabati, kwaya zilizogombana, makanisa niliyoyakuta ya mbao nikayaacha ya matofali, mtayasikia kwa wengine, na wataongeza chumvi.

Baada ya Mabogini nilipelekwa chuo cha theolojia, nikabarikiwa, yaani nikawekewa mikono na kuvishwa joho, kisha nikapangwa mjini Moshi kuwa mchungaji msaidizi. Bosi wangu wa pili alikuwa mtu wa utaratibu. Ibada ikiandikwa saa moja, saa moja na dakika moja alikuwa amekwisha kufunga mlango wa mbele, na aliyechelewa aingie kwa aibu ya mlango wa pembeni. Alinifundisha kuandika barua, kuendesha baraza la wazee bila kelele, kutunza kumbukumbu. Neno lake lilikuwa moja: "Kanuni ni uzio, Mchungaji. Usipojenga uzio, usimlaumu fisi." Nilimpenda mzee yule. Alikuwa mwadilifu, hakuwahi kumpendelea tajiri mbele yangu. Nikatoka kwake nimenyooka kama rula, na ndivyo nilivyopanda kwenda Hai, nikiwa mchungaji kiongozi kwa mara ya kwanza, kwenye usharika mmoja juu ya Kwa Sadala. Jina la usharika naliacha, maana watu wake bado wapo na wananisalimia vizuri.

Usharika ule ulikuwa wa watu wa kahawa na migomba, ng'ombe wawili wawili bandani, watu wa kazi na wa maneno machache. Ulikuwa na kanuni ya miaka mingi, niliikuta: msharika asiyekuja Meza ya Bwana mwaka mzima bila sababu iliyoandikwa, akifa hazikwi na mchungaji. Wazee wa kanisa wawili na mwinjilisti watamsitiri, watasoma Neno fupi, basi. Joho halipo, kengele haipigwi, kwaya haivai sare. Kwa mtu wa Dar hilo linaweza kuwa dogo. Kwetu, ambako mtu anazikwa ndani ya kihamba chake mwenyewe, shamba la urithi wa ukoo, kwenye migomba aliyoipanda, na majirani wa mlima mzima wamekuja, kuzikwa bila kengele ni kutangazwa kwamba hukuwa mtu. Watoto wako watalisikia kilabuni kwa miaka.

Jumapili zangu za mwanzo nilihubiri kwa ukali, nikisaidiwa na afya njema. Katika ibada ya maandalizi, ile ya kujiweka tayari kwa Meza, nilipiga mimbari nikasema: "Mwenye neno na ndugu yake asithubutu kupiga magoti hapa! Akae kwenye benchi lake mpaka wapatane! Afadhali benchi kuliko kujilia hukumu!" Watu wakatikisa vichwa kwa kuafiki. Mzee mmoja wa kanisa, Mzee Aminieli, akanishika mkono mlangoni akaniambia hajasikia hubiri kama lile tangu enzi za baba yake. Nikatembea juu juu siku nzima.

Mwaka uliofuata, kiangazi, akafa Mzee Ndesario. Alikuwa mkulima wa kawaida, mpole, fundi wa kupogoa kahawa. Baraza likakaa asubuhi. Mzee wa mtaa alikoishi marehemu ndiye hutoa taarifa, na mzee wa mtaa ule alikuwa huyo huyo Aminieli. Akasimama, akasoma kwenye karatasi: "Marehemu hakushiriki Meza ya Bwana kwa miezi kumi na minne. Sababu haikuandikwa." Akakaa.

Nikauliza kama kuna mwenye neno. Mwinjilisti wangu, kijana mpole kutoka upande wa juu, akakohoa, akasema, "Mchungaji, labda tumuulize mama mjane." Nikamwambia kanuni inasema iandikwe, na haikuandikwa, sasa tumuulize nini? Aliyekufa hawezi kuandika. Niliona nimesema jambo la akili. Nikamtuma yeye na wazee wawili, mimi nikabaki ofisini naandika barua za kualika watu kwenye semina. Kaburi lile liko mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwangu. Nilisikia watu wakiimba bila kwaya, wakipotezana sauti, nikafunga dirisha.

Mjane wake, Bibi Aikande, hakuonekana tena kanisani. Mwaka ukapita. Kanuni ilinitaka nimwonye, maana naye alikuwa anaelekea kule kule. Nikaenda mchana kweupe, na daftari langu kwapani. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe kando ya njia, ndani ya uzio wake.

"Shikamoo, mama."

Panga linakata tu. Jamani, mnajua kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni nini. Nikarudia. Akainua kichwa, akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyeingia shambani.

"Umekuja kuniandika?"

"Nimekuja kukuona, mama. Hatukuoni Mezani."

"Nawe ndiye uliyesema tusije!" Akaliweka panga chini. "Si ulisimama pale juu ukasema mwenye neno na ndugu yake akae kwenye benchi? Mume wangu alikusikia. Wenzake wote walikusikia wakaja kula, yeye akarudi kwenye benchi. Miezi kumi na minne anakaa kwenye benchi anamngoja ndugu yake. Anaamka asubuhi anavaa koti, anakwenda kanisani, wenzake wanapiga magoti, yeye amekaa. Namwambia, nenda tu, nani anajua? Ananiambia, Mchungaji amesema. Eti Mchungaji amesema! Akafa akikutii wewe, na wewe ukamzika kama mwizi."

Nikamuuliza, ndugu gani?

"Hukuuliza siku ile, unauliza leo? Aminieli. Wamezaliwa tumbo moja."

Nilishika mti wa uzio. Nilijua ni ndugu wa ukoo, kama nusu ya mtaa ule walivyokuwa. Sikujua ni wa tumbo moja, na sikujua wana ugomvi, kwa kuwa sikuwahi kukaa kwenye kigoda cha yeyote kati yao. Bibi Aikande akaokota panga.

"Nimekwisha kuwaambia wanangu wote. Siku nikifa, mchungaji asikanyage kihamba hiki. Wewe wala mwenzako yeyote. Watachimba wenyewe, watanifukia wenyewe, nami nitalala na mume wangu alivyolala. Sasa nenda."

Nikaenda. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Aminieli, nikamuuliza kama ni kweli. Alikuwa anaanika kahawa. Aliendelea kuichambua punje moja moja. "Taarifa niliyosoma ina uongo gani, Mchungaji?" akaniuliza. Nikamwambia haina. "Basi. Hayo mengine ni mambo ya nyumbani." Na kweli taarifa yake haikuwa na uongo hata nukta. Alisoma miezi kumi na minne, ikawa kumi na minne. Ila kila Meza katika miezi hiyo yeye alikuwa amepiga magoti mbele yangu, na mimi nikampa mkate kwa mkono huu.

Wiki ile chakula hakikupita. Mke wangu alinipikia mtori, nikauangalia ukapoa. Nilichokiogopa nawaambia wazi: nilimwogopa mama yule afe kabla sijatengeneza. Akifa na neno lake, wanawe watalishika, na mlango ule utafungwa kwa wajukuu na vitukuu, na aliyeufunga ni mimi na kanuni yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wazee, nami nilikuwa nimemwaga ndoo nzima.

Nikapanda basi kwenda kwa Mkuu wa Jimbo, yaani mchungaji anayesimamia sharika zote za eneo. Alikuwa mtu mnene, mwenye pumzi za kusikika, asiyeharakishwa. Nikamweleza yote, nikaweka mezani nakala ya kanuni. Hakuigusa.

"Umekuja kuniuliza kama kanuni ilifuatwa, au kama ulikosea?"

Nikaisogeza ile nakala karibu yake.

"Kama ni kanuni, nenda kalale, ilifuatwa. Kama ni hilo la pili, ofisini kwangu unatafuta nini? Uliyemkosea anaishi hapa?"

"Naogopa kuliaibisha joho, Baba Mkuu."

"Joho!" Akacheka mpaka kiti kikalia. "Joho lilikwisha kuaibika siku ile uliyofunga dirisha. Nenda zako, bwana. Na usiende na daftari."

Hapo sasa nitawaambia jambo ambalo wengine wenu mtakunja uso. Kwetu Uchaggani, mtu akimkosea mwenzake kosa la kuuma, humpelekea jani la sale. Ni mmea ule mrefu wa majani mabichi tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukiliona jani lile mkononi mwa aliyekukosea, huwezi kumfukuza. Lazima ukae, umsikilize. Kuna wachungaji waliolihubiri jani hilo kuwa upagani, na mimi niliwahi kuwa mmoja wao. Asubuhi ile nilikata jani moja nyuma ya nyumba ya mchungaji, nikalishika kwa mkono wa kulia, nikapita nalo njia kuu watu wakinitazama. Mmoja wa wazee wangu alinisimamisha. "Mchungaji, hilo unalipeleka wapi?" Nikamwambia kwa niliyemkosea. Akavua kofia, akanipisha.

Bibi Aikande alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anamenya ndizi. Akaniona. Akaliona jani. Kisu kikasimama.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri, ukachelewa kusikia." Akanionyesha gogo nikae. "Sale halikataliwi. Sema."

Nikasema. Sikuanza na kanuni wala na baraza. Nikasema mama, nilimhukumu mumeo bila kumuuliza na bila kukuuliza. Alikuwa mtu mwaminifu kuliko mimi niliyehubiri. Nilimnyima kengele, nikakunyima wewe heshima mbele ya watu. Nimekosa. Nilitaka kuongeza kwamba sikujua, nikaona hata hilo ni kujitetea, nikanyamaza. Machozi yakanitoka, nami sikuyafuta.

Alimenya ndizi mbili nzima. Kisha akasema, "Ulimnyima mbele za watu. Sasa unamrudishia hapa nyuma ya migomba, nani amekuona? Kuku?"

Nikamuuliza anataka nifanyeje.

"Msichana akipata mimba nyumbani, mnamsimamisha wapi?"

Nilijua wapi. Mnajua nanyi. Aliyetengwa akitaka kurudi kundini husimama mbele, chini ya ngazi za madhabahu, amewaelekea watu, mchungaji anasoma maneno, kisha anauliza usharika kama wanampokea. Niliwasimamisha pale wasichana kumi na zaidi, wengine wanatetemeka miguu. Wavulana wao, niseme ukweli, niliwasimamisha wachache.

"Hapo hapo," akasema. "Nitakuja kuona."

Baraza likawaka moto. Mzee mmoja alisema nikisimama pale, nani atanisikiliza kesho? Mwingine akasema heri nihamishwe kimya kimya. Aminieli alikuwa anatazama mikono yake tu. Nikawaambia sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kuwaarifu ili wasishtuke. Jumapili asubuhi mke wangu alinitolea koti la kawaida. "Joho utavaa ukimaliza," akasema. Huyu mama amenichunga mimi kuliko nilivyochunga usharika wowote.

Nikasimama pale. Ngazi zile nilizipanda miaka miwili nikiwa sijawahi kuona jinsi kanisa linavyokuwa kubwa ukilitazama kutoka chini ya ngazi. Nikaeleza yote kwa jina langu mwenyewe, bila kumtaja Aminieli. Nilipomaliza tukagundua kituko: maneno ya kumpokea mkosaji husomwa na mchungaji, na mchungaji ndiye mkosaji. Nani asome? Watu wakaanza kunong'ona, mtoto mmoja akacheka. Ndipo mwinjilisti wangu, yule aliyekohoa kwenye baraza, akatoka kwenye kiti chake, akafungua kitabu cha ibada, akaniuliza kama natubu. Nikasema natubu. Akawageukia watu: "Usharika, je, mnampokea ndugu yetu huyu?"

Kanisa zima lilikuwa limegeuza shingo kutazama benchi la mwisho. Bibi Aikande alikuwa anafunga kanga yake. Akaifungua, akaifunga upya, hana haraka. Miguu yangu sasa ikatetemeka kama ya wale wasichana. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida tu ya mtu anayeagiza chumvi:

"Tunampokea."

Na kanisa zima likaitikia kwa kishindo, "Tunampokea!"

Loo! Mmewahi kubeba mkungu wa ndizi kutoka mtoni hadi nyumbani, ukautua mlangoni, shingo ikajiona inainuka yenyewe? Nilicheka na kulia kwa pamoja. Na kabla sijapanda kuvaa joho, Mzee Aminieli akasimama kwenye benchi la wazee, akaja, akasimama kando yangu, bega kwa bega. Akasema, "Ndugu aliyengojwa ni mimi. Niling'oa masale ya mpaka, nikayasogeza hatua tatu upande wake. Akaniambia, nikamcheka. Alinyamaza mpaka akafa." Mwinjilisti, maskini, akasoma maneno yale mara ya pili, na mama yule akajibu mara ya pili, safari hii kwa kuchelewa zaidi.

Baada ya ibada tulikwenda kaburini wote. Sisi Walutheri hatuwaombei wafu, wala mazishi hayarudiwi, kwa hiyo sikujua hata nifungue ukurasa gani. Nilimshukuru Mungu kwa maisha ya Mzee Ndesario, nikiwa na joho. Kwaya ikaimba ikiwa na sare. Kengele ikapigwa mpaka mpigaji akabadilishwa. Aminieli na wanawe wakarudisha masale mahali pake kwa mikono yao. Mkuu wa Jimbo aliponiuliza baadaye nilitumia kanuni gani, nikamwambia sikuipata, akasema vizuri, asiipate mtu mwingine akaiharibu.

Msidhani kwamba mambo yalikwisha. Pale kaburini nilimuuliza Bibi Aikande kuhusu lile neno alilowaambia wanawe. Akanitazama. "Kusamehe nimesamehe. La mazishi yangu ni jingine. Tutaona." Mwenye kovu usidhani kapoa. Alirudi Mezani, alinipa ndizi, aliitikia shikamoo zangu, lakini neno lile hakulifuta, na wanawe walikuwa wanalishika.

Nilikaa usharika ule miaka mingine minane. Kanuni ile tuliibadilisha: hakuna jina litakalosomwa kwenye baraza kabla mchungaji hajakaa nyumbani kwa mwenye jina, na mchungaji akifika huko anyamaze kwanza. Ni kazi ya miguu. Viatu vyangu vilikwisha, na mara nyingi nilikaa nikaambiwa habari za ng'ombe tu, nikarudi. Lakini niliwakuta waliokaa kwenye benchi kwa sababu ambazo zingenitia aibu kama ningezisikia kaburini. Mmoja alikuwa hana meno, akiogopa watoto watamcheka akitafuna mkate. Nilimwambia auloweke kwenye divai, akaja.

Mnaniuliza mchungaji mwaminifu ni yupi. Zamani ningewapa mambo saba yanayoanza na herufi moja. Sasa nitawaambia ni yule ambaye akikosea, washarika wake wanajua atakuja. Kukosea utakosea tu, ndugu yangu, hata ukihubiri kwa vipaza sauti vya kutoka ng'ambo. Basi uwe mtu wa kuja. Na usitume ujumbe kwenye kundi la simu ukasema umeomba radhi.

Nikahamishwa tena mara mbili, nikamalizia Rau, ninakoishi hadi sasa na bustani ambayo nalima mimi, wanavuna ngedere wa msituni. Siku ya kuniaga, kanisa lilijaa. Nilipewa zawadi, nikasifiwa sifa ambazo mke wangu alikuwa ananikanyaga mguu nisiziamini. Kisha mshereheshaji akasema kuna mgeni kutoka Hai anaomba neno, hayuko kwenye ratiba. Nikamwona Bibi Aikande anakuja mbele, amezeeka kabisa, ameshikwa mkono na mwanawe wa kwanza. Miaka yote ile, na bado niliogopa atakalosema.

Akakataa kipaza sauti. "Huyu alitukosea," akasema, akaninyooshea kidole. "Alitukosea sana. Akaja. Akaendelea kuja. Hata akiwa hana la kusema alikuja akakaa." Akamgeukia mwanawe. "Wewe na wadogo zako mnisikilize mbele ya watu hawa, msije mkasema nilichanganyikiwa. Lile neno la mazishi yangu nimelifuta. Nikifa, mwiteni mchungaji."

Mwanawe akasema, "Sawa, mama." Mimi nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa kwenye meza ya wageni, kati ya soda na maua, nalia bila haya, mke wangu ananipapasa mgongo.

"Huyu huyu akiwa hai, mwiteni huyu," akaongeza, akianza kurudi kwenye kiti chake. "Ila asizidishe robo saa. Anahubiri mpaka chakula kinapoa."